Mchicha wa Bonde la Msimbazi

Kila yanapozuka mabishano kuhusu usalama wa mboga za Bonde la Msimbazi, jijini Dar es Salaam, lawama humwangukia mkulima anayechota maji machafu ya mto na kumwagilia matuta yake, ilhali uchafu huo hakuuleta yeye. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Jangwani, kisha unaingia baharini penye Daraja la Selander, na njiani hupokea majitaka ya viwanda na ya majumbani. Watafiti waliopima mboga za majani za bonde hilo wamekuta metali zenye sumu, yaani risasi, kadmiamu na kromiamu, na baadhi ya sampuli zilivuka kiwango kinachoruhusiwa.

Nyumbani kwetu mchicha huliwa karibu kila siku, kwa hiyo linanisumbua sana lile wazo kwamba kuuosha kwa maji mengi ya chumvi kunatosha. Kuosha huondoa udongo na vumbi lililoganda juu ya majani, na pamoja navyo sehemu ya risasi, kwa kuwa risasi nyingi hung'ang'ania udongo na haipandi kirahisi kupitia mizizi. Kadmiamu haiko hivyo. Kwa kuwa inafanana na zinki, mmea huifyonza na kuipandisha hadi ndani ya jani, ambako haitolewi na maji wala moto wa jikoni, na ikishaingia katika figo za mlaji hukaa humo kwa miongo ya miaka. Udongo wenye asidi huiachia kwa wingi zaidi. Chokaa na mboji hupunguza kasi hiyo, lakini metali yenyewe hubaki shambani.

Japani inajua gharama yake. Katika bonde la mto Jinzu, mkoani Toyama, kadmiamu kutoka mgodi wa Kamioka ilifika kwenye mashamba ya mpunga kwa maji ya umwagiliaji, na watu walioula mchele huo kwa miaka mingi, wengi wao wanawake wa makamo na wazee, walipata maumivu makali ya mifupa iliyolainika na kuvunjika. Serikali ilitambua rasmi chanzo hicho mwaka 1968, lakini kazi ya kurekebisha udongo wa mashamba ilikamilika mwaka 2012.

Kwa hiyo kufyeka matuta hakutoshi. Upimaji uanzie kwenye mifereji inayotoka viwandani, mkulima apatiwe maji ya kisima yaliyopimwa kabla ya kuamriwa kuondoka, na matokeo yabandikwe sokoni, ambako mama anayenunua fungu la mchicha ataweza kuyasoma.