Kumbukumbu ya mradi: mkono wa roboti na CNC vimeanza kuelewana

Hatimaye kipande kimeingia kwenye mashine, kikachongwa na kutoka bila mtu kukigusa. Kwa wageni wa kumbukumbu hizi: niko sekondari huku Marekani, nasoma uzalishaji wa viwandani unaoendeshwa kwa kompyuta, kwa mtaala wa Project Lead The Way. Kundi letu linajenga kiwanda kidogo cha mezani. Mkono wa roboti unachukua kipande cha plastiki na kukibana kwenye jiliwa la CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta), mashine inachonga herufi, kisha mkono unakipeleka kwenye mkanda ambako sensa inachambua vyeusi na vyeupe.

Kuchonga hakukutusumbua. Ukishachora, programu yenyewe inakutolea mistari ya amri kwa mashine: G00 kwenda haraka bila kukata, G01 kukata kwa mstari ulionyooka, M03 kuzungusha kisu, M30 mwisho. Juu kabisa tumeweka G21, yaani tunapima kwa milimita. Katika nchi ya inchi mstari huo si wa mapambo. Kasi tulipiga hesabu wenyewe: kisu cha milimita 6, kasi ya kukata mita 100 kwa dakika, inakuja kama mizunguko 5,300 kwa dakika.

Kazi ilikuwa kuzifanya mashine zipokezane. Mkono hauoni chochote. Unachojua ni kama waya fulani una volti 24 au hauna. Kwa hiyo CNC inawasha waya mmoja kusema "mlango uko wazi, kisu kimesimama", mkono unaingia, unabana kipande, unarudi nyuma, ndipo unawasha waya wake kusema "nimetoka". Tena CNC haiamini neno la mkono peke yake: swichi ya mlango nayo lazima ikubali. Kilichonifurahisha zaidi ni kitufe chekundu cha dharura. Umeme hupita humo muda wote, na kukibonyeza ni kuukata. Waya ukikatika wenyewe, mashine inasimama vilevile. Aliyewaza hivyo alikuwa na akili sana.

Anko wangu, fundi wa mabati Kamukunji, Nairobi, nilimtumia video. Akauliza, "Sasa wewe hapo kazi yako ni kutazama?" Nikamtumia picha ya nyaya. Akajibu, "Aah, kumbe."

Kinachobaki ni mkanda. Sensa yetu inategemea mwanga wa infraredi unaorudi kutoka kwenye kipande, na plastiki nyeusi inaumeza karibu wote, hivyo kipande cheusi na mkanda mtupu vinasomeka sawa. Mwalimu anapendekeza tupunguze kiwango cha mpaka kwenye programu, yaani kiasi cha mwanga kinachohesabiwa kuwa kuna kipande. Mimi naona tuongeze jozi ya pili, taa upande huu na kipokezi upande ule: kipande chochote kikipita kinakatiza mwanga, kisha sensa ya zamani ibaki na kazi ya rangi tu. Jumatatu tunafunga vishikizo vyake, vimeshachapwa kwenye printa ya 3D.