Mbele ya fuvu la Zinjanthropus
Jumamosi nilikaa muda mrefu Makumbusho ya Taifa, Posta, nikilitazama fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, ambalo mwanaakiolojia Mary Leakey aliligundua Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1959 na ambalo lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Utosini pana ukingo wa mfupa, iliposhikizwa misuli mikubwa ya kutafunia, na magego yake ni mapana mno.

Binafsi, nyayo za Laetoli, alama za miguu za jamaa wa binadamu wa kale zaidi, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, hunisisimua zaidi: kidole gumba kimelala sambamba na vingine, ishara kwamba mguu ulikwishazoea kutembea wima muda mrefu kabla ubongo haujakua. Gharama ya kutembea wima tunailipa kiunoni, kwani uti wa mgongo uliopinda pale hubeba uzito wa kiwiliwili chote, na abiria aliyesimama kwenye daladala hadi Mbagala (nikiwamo mimi) hahitaji kuelezwa.