Timu ya hisabati si timu ya mpira

Ukiona wanafunzi sita wamevaa jezi ya nchi kwenye Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati (IMO), usidhani watasaidiana. Kila mmoja ana meza yake, karatasi zake na medali yake. Nafasi ya nchi hupatikana kwa kujumlisha alama za wote sita, na hata hiyo si rasmi.

Mtihani wenyewe ni siku mbili, saa nne na nusu kila siku, maswali matatu kwa siku. Kila swali lina alama 7, hivyo jumla ni 42. Rula na bikari ruksa, kikokotoo marufuku. Swali la 1 na la 4 ndiyo huwa nafuu. La 3 na la 6 huwatoa jasho hata wenye dhahabu. Takriban nusu ya washiriki hupata medali, na kwa kila dhahabu moja kuna fedha mbili na shaba tatu. Asiyepata medali lakini akafunga swali moja kwa alama zote 7 hupewa cheti cha heshima. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu kabla ya hesabu: wanadonoa maswali yote sita, alama moja hapa, mbili pale, wanatoka mikono mitupu. Kwa mshiriki mchanga, awe wa Kenya, Tanzania au kwingineko, ni heri swali la 1 likamilike, na uthibitisho wake uandikwe hatua kwa hatua. Jibu sahihi lisilo na hoja haliendi mbali.

Anayetaka kuona timu ikicheza kama timu aangalie ARML, mashindano ya timu za hisabati ya Marekani yaliyoanza 1976. Kikosi ni watu 15 wa jiji, jimbo au kanda moja, na alama ni 300. Nusu yake, 150, bado ni za mtu binafsi: maswali 10 yanayotolewa mawili mawili, dakika 10 kwa kila jozi.

Raundi ya timu ina maswali 10 kwa dakika 20, majibu tu, alama 5 kila moja. Watu 15 wakivamia swali la kwanza kwa pamoja, muda umekwisha. Gaweni maswali mapema, na jibu lisiingie kwenye karatasi mpaka wawili walifikie kila mmoja kivyake. Raundi ya uthibitisho ni saa nzima kwa alama 50. Kipengele kinachofuata kinaweza kutumia matokeo ya vilivyotangulia hata kama hamjayathibitisha, kwa hiyo msikwame.

Utamu uko kwenye raundi ya kupokezana. Watatu hukaa mstari mmoja, kimya. Wa kwanza ana swali kamili. Wa pili na wa tatu maswali yao yana T, namba itakayotoka kwa aliye mbele. Kinachopita ni karatasi yenye jibu tu, na linalosahihishwa ni jibu la wa tatu: alama 5 likiwa sahihi dakika ya tatu, 3 dakika ya sita.

Chukua mfano huu niliotunga. Wa kwanza: 72 ina vigawo vingapi? Wa pili: umbo lenye pande T lina milalo mingapi (mistari inayounganisha pembe zisizopakana)? Wa tatu: 7 kwa kipeo cha T huishia na tarakimu gani?

Mzembe wa pili husubiri T. Mjanja ameshaandika T(T−3)/2. Wa tatu naye ameshaona kwamba miisho ya vipeo vya 7 huzunguka 7, 9, 3, 1, hivyo anachohitaji ni baki ya T ikigawanywa kwa 4. Likija 12, wa pili anatoa 54 papo hapo, baki ni 2, jibu ni 9. Lakini wa kwanza akisahau kuhesabu 1 na 72 yenyewe, anapitisha 10, inakuwa 35, na wa tatu anaandika 3 bila kosa lolote lake. Ndiyo maana mbele hawekwi aliye dhaifu wala mwenye haraka. Anawekwa anayekagua, na akigundua kosa anaruhusiwa kupitisha karatasi nyingine kabla dakika ya sita haijafika.