Taa ya refujiamu iwake usiku

Wenzangu wa matangi ya maji chumvi hapa Mombasa, refujiamu, yaani chumba cha kuoteshea mwani unaosafisha maji ya tangi, haitaki taa ya makuu. Chumba cha lita 40 ndani ya sampu (tangi la pembeni la kusafishia maji) kinatosheka na LED ya kuoteshea mimea, wati 20 hadi 30. Nyeupe ya kelvini 6500 au ile ya nyekundu na buluu, zote zinaotesha mwani. Hiyo ya pili, kwa mwanga wake wa zambarau, inachosha macho tu.

Iningʼinizeni kama sentimita 20 juu ya maji. Ikishuka mno, mwani wa keto (ule wa nyuzinyuzi unaooteshwa humo) unapauka juu huku chini unaoza kwa giza, kwa hiyo ligeuzeni bonge kila wiki. Likijaa chumba, vuneni thuluthi: kuvuna ndiko kunakotoa nitrati na fosfati.

Taima iwashe saa tatu usiku, izime saa tatu asubuhi. Tangi kuu likiwa gizani, mwani unaendelea kunywa kaboni dioksaidi na pH (kipimo cha asidi ya maji) haiporomoki sana. Na joto la kaskazi hili, afadhali taa zote zisiwake pamoja.

Kinachoua taa hizi ni chumvi. Maji yakirukaruka, ukoko mweupe unaganda kwenye feni na viungo vya waya, kisha kutu, kisha shoti. Wekeni kipande cha akriliki kati ya taa na maji, mkifute kila wiki maana kikichafuka kinakula mwanga. Waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, tone lisiufuate hadi kwenye umeme. Volti 240 si mchezo.

Mwani umedumaa na nitrati inasoma sifuri? Punguzeni saa za taa, msiongeze wati.