Siagi ilikataa kushika kwa baridi ya Molo

Julai hapa Molo, nyanda za juu za Kenya, tulitikisa kibuyu cha maziwa ya mgando asubuhi nzima, siagi ikakataa kushika. Jirani akasema kuna aliyeyatupia jicho baya. Nikachukua kipimajoto: nyuzi 9! Kwa baridi hiyo mafuta huwa magumu, chembe zake hazishikani. Nikakiweka kibuyu kwenye beseni la maji vuguvugu hadi nyuzi 17, nikapunguza maziwa yabaki nusu ili yapate nafasi ya kugonga. Punde mlio ukawa mzito, punje za siagi za manjano zikajaa mdomoni mwa kibuyu. Zamani Uingereza na Ireland, siagi ikikataa, walitumbukiza chuma cha moto kwenye maziwa kumfukuza mchawi. Naamini joto la chuma hicho ndilo lililosaidia. Siagi nikaiosha kwa maji baridi mpaka yakatoka safi.