Ziwa Jipe linataka msaragambo wa pande mbili

Mwezi wa tisa nilishuka kijijini kwetu, kando ya Ziwa Jipe, wilaya ya Mwanga, kumsalimia baba mdogo. Asubuhi akaniambia twende majini nikaone mwenyewe. Nilipokuwa mtoto, ukitoka nyumbani kwake unafika maji meupe kabla jasho halijakutoka. Safari hii tulipita ndani ya magugu kama watu walioingia kwenye pango, ukuta wa majani kushoto na mwingine kulia, na nilipojaribu kusimama kwenye mtumbwi bado yalinizidi kimo. Upondo ulikuwa unazama kwenye tope na kuvutwa kwa nguvu. Njia yenyewe wavuvi wameikata kwa panga, na wakiiacha siku chache tu inaanza kuziba.

Tulipotokea kwenye uwazi aliacha kusukuma, akaonyesha ng'ambo, kwenye nyika ya Tsavo Magharibi.

"Pale ni Kenya. Na hapa tulipo, mwanangu, ukitupa wavu nusu unaweza kuwa kule."

Nilitafuta nguzo, boya, alama yoyote, sikuona. Mpaka wa leo unapita ndani ya maji, ingawa haukuanza hivyo. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 ulieleza mstari unaotoka mdomo wa mto Umba moja kwa moja hadi Jipe, kisha unazunguka ziwa upande wa mashariki na kaskazini na kuuvuka mto Lumi. Waliouandika walitafuta alama rahisi ya kuweka kwenye ramani. Hawakuuliza maji yanatoka wapi wala yanakwenda kwa nani.

Nami ni fundi wa pampu, nimezoea kuuliza hilo kwanza. Lumi huanzia miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, kwetu Tanzania, huingia Kenya na kupita Taveta, halafu humwaga Jipe. Vijito vya milima ya Upare ya Kaskazini huongeza chao vikiwa na maji. Karibu na pale Lumi inapoingilia ndipo Ruvu inapotokea, inarudi Tanzania, inakutana na Kikuletwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni mto Pangani hadi baharini. Maji yale yale, nchi mbili, yanaingia na kutoka. Ukienda Umba utakuta kinyume chake: unaanzia Usambara, unavuka mpaka, unaishia Bahari ya Hindi upande wa Vanga, Kenya. Kwa hiyo kila nchi ina mahali ambapo yenyewe ndiyo iko chini, inayosubiri kilichoachwa na mwenzake. Sijui sababu nzuri kuliko hiyo ya kukaa meza moja.

Na walikaa. Mwaka 2013 Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kusimamia kwa pamoja maziwa ya Chala na Jipe na mto Umba. Niliposikia nilifurahi kwa dhati, na bado nayaheshimu. Lakini mimi ni mtoto wa ndiva, na najua makubaliano ya maji huishi au hufa pale kwenye mlango wa bwawa.

Kwa asiyejua: kule milimani Upare babu zetu walijenga mabwawa madogo ya udongo na mawe, ndiyo ndiva. Usiku maji ya kijito yanakusanywa, asubuhi mlango unafunguliwa na kila shamba linapata zamu yake. Babu yangu alikuwa na shamba la mwisho mferejini. Huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa na neno zito kwenye kikao, maana ndiye wa kwanza kujua kama kuna mtu juu ameiba zamu. Na tope likijaa, hupigwa mbiu ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kila kaya inatoa mtu na jembe. Usipokuja, unatozwa faini. Hakuna aliyeruhusiwa kuzibua kipande chake peke yake.

Sasa tazama Jipe. Udongo unaoporomoka kwenye miteremko iliyolimwa na kuchungwa kupita kiasi unashuka na mvua, ziwa linapungua kina, na magugu hupenda maji mafupi yenye rutuba. Mizizi yake hutambaa ndani ya tope. Ukisafisha ufuko wako na jirani hajagusa wake, umefanya kazi ya kumpumzisha jirani tu. Kijiji chetu kilikata msimu mmoja, tena vijana walijituma kweli. Walikata juu ya maji. Baada ya wiki chache machipukizi yalikuwa yamesimama tena. Magugu haya huvuta hewa kwa bua na kuipeleka mizizini, kwa hiyo lazima ulikate chini ya maji ili kisiki kizame na mizizi ikose pumzi. Mzee mmoja wa upande wa Kenya ndiye aliyemweleza baba mdogo hilo, walipokutana soko la Taveta. Ujuzi ulikuwa ng'ambo ya pili muda wote ule!

Hili ndilo ninalolilia. Wahandisi wa bonde la Pangani wakutane na wenzao wa Kenya, ndiyo, wapime Lumi pamoja na wasomeane vipimo. Ila wavuvi, wafugaji wanaonywesha hapa kiangazi na wakulima wa Taveta wanaomwagilia wawe na kikao chao kinachotambuliwa na serikali zote mbili, chenye uwezo wa kusema: mwezi huu tunakata, nyavu za macho madogo marufuku pande zote, ng'ombe wapite hapa. Kuna perege wa ziwa hili ambaye hapatikani popote duniani nje ya bonde la Pangani. Akiisha kwenye bonde hili, hakuna pa kumuagiza.

Wiki iliyopita baba mdogo alinipigia simu. Amekubaliana na yule mzee waanze siku moja, kila mmoja na watu wake, chini ya maji. Nimemtumia mapanga sita na buti za mpira kwa ajili ya ruba. Nikamwomba wasiingie kabla jua halijapanda vizuri, maana alfajiri viboko bado wako njiani kurudi majini.