Nilivyoandika ombi la wakulima wa zabibu kwa Kiingereza cha kushawishi

Steshenari yangu ipo Dodoma mjini, si mbali na soko la Sabasaba. Kazi zangu ni zile zile za steshenari zote: kopi, kuchapa, picha za pasipoti, na kuwaandikia watu barua. Barua za Kiswahili hazinisumbui, kwa sababu mwombaji na anayeombwa wote wanajua mtindo wake. Za Kiingereza zina mambo yake, hasa zile za kuomba hela nje ya nchi, na hizo ndizo nimezizoea kuliko jirani zangu wote wa mtaani.

Mwaka jana kilinijia kikundi cha wakulima wa zabibu kutoka Hombolo. Walikuja watatu: mwenyekiti, mzee wa makamo ya baba yangu, mama mmoja mweka hazina, na kijana aliyemaliza chuo ambaye ndiye aliyeandika rasimu. Mfadhili alitaka ombi lijazwe kwenye fomu, na sehemu ya kueleza tatizo isizidi maneno 300. Rasimu ya kijana ilikuwa kurasa tatu. Sentensi ya kwanza ilisema hivi: "On behalf of the members of our group and on my own behalf, I would like to take this opportunity to humbly request..." Hapo maneno zaidi ya ishirini yamekwisha na zabibu haijatajwa.

"Dada, huo si ndio heshima?" kijana akauliza.

Kwa ofisi ya serikali ya mtaa, ndiyo. Anayesoma maombi ya Kiingereza kwa mafungu huheshimika ukimwambia mapema unataka nini. Nikamgeukia mwenyekiti. Nilikuwa nimeshamwamkia, kwa hiyo nikaingia moja kwa moja: mzee, niambie kwa mdomo, tatizo ni nini?

"Mwanangu, zabibu haisubiri. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na wakati wa mavuno kila mtu anavuna. Mnunuzi akichelewa wiki moja, tunda linalegea, nyuki na ndege wanakula, na bei anapanga yeye."

Nikaandika wakiwa wamekaa pale pale:

"In the harvest weeks every farmer in Hombolo picks at once, every truck belongs to somebody else, and every day of delay takes weight from the fruit and money from the farmer. The buyer can wait. The grape cannot."

Kijana aliisoma mara mbili, akataka kujua nimefanya nini. Nikamwonyesha. Sentensi ya kwanza ni ndefu makusudi na ina takriri, "every" mara tatu, ili msomaji ahisi mambo yanavyorundikana. Mwisho wake una vipande viwili vilivyolingana: uzito kutoka kwenye tunda, hela kutoka kwa mkulima. Halafu zinakuja sentensi mbili fupi zinazokinzana. Ya mwisho imeishia kwenye "cannot", kwa sababu katika Kiingereza cha kushawishi mwisho wa sentensi ndio unaobaki kichwani mwa msomaji. Ukiandika "The grape cannot wait as you are well aware", umeimaliza nguvu yake mwenyewe.

Hili la mwisho wa sentensi nilijifunza kwa Mwalimu Nyerere, kwenye ile hotuba aliyoitoa kwa Kiingereza katika Baraza la Kutunga Sheria, Oktoba 1959. Kila mtu anaijua kwa ajili ya Kilimanjaro. Mimi nimekaa zaidi na mwisho wake: "hope where there was despair, love where there was hate, and dignity where before there was only humiliation." Vipande viwili vya kwanza vina umbo lile lile. Cha tatu amekirefusha, akaongeza "before" na "only", na kasi inapungua pale pale anapofika kwenye utu uliodharauliwa. Angelinganisha vyote vitatu sawasawa pangekuwa pazuri tu. Pia ameishia kwenye neno zito kuliko yote, na anayesikiliza anajua ni nani aliyedharau.

Kilichonichukua muda mrefu ni sehemu ya matumizi ya fedha. Kijana alikuwa ameandika: "The money will help us buying crates, to build a cold room and the training of youth." Nimeshakutana na sentensi ya namna hii kwa wateja wengi, wakiwemo walimu. Sababu yake ni sarufi yetu wenyewe. Kwetu ni kununua, kujenga, kufundisha. Ku- moja inafanya kazi zote, na ulinganifu unakuja bila kuuita. Kiingereza kina maumbo matatu kwa kazi hiyo hiyo, na ukichukua moja huku na jingine kule, msomaji anajikwaa hata kama hawezi kusema amejikwaa wapi. Nikafupisha: "We will buy crates, build a cold room and train young people to run it." Vitenzi vitatu, umbo moja. Vijana nimewaweka mwisho kwa sababu tangazo la mfadhili lilikuwa limesema wazi kwamba linatafuta ajira za vijana. Lingekuwa linatafuta kupunguza upotevu wa mazao, chumba cha baridi ndicho kingekaa mwisho.

Kwenye hisia tulibishana. Kijana alitaka tuseme sisi ni maskini, wanyonge, hatuna pa kushika. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aligawa ushawishi mara tatu: anayesema aaminike, hoja isimame, na moyo wa msikilizaji uguswe. Watu wengi hurukia hilo la tatu. Nikamwomba mama mweka hazina afungue daftari lake, na tukatoa humo kreti zilizouzwa na bei ya mwanzo na ya mwisho wa msimu. Bei ilivyoshuka kati ya wiki ya kwanza na ya mwisho iliumiza kuliko neno "poor" lolote, na wala haikumvunjia mtu heshima.

Kuna sentensi moja niliipenda sana. Niliandika: "Our grapes are weighed on the buyer's scale, at the buyer's hour, for the buyer's price." Hapo nimetumia kauli ya kutendwa, ambayo vitabu vingi vya Kiingereza vinaikataza, lakini inaruhusu mzani, saa na bei vije nyuma, kila kimoja na mwenyewe. Nikamtafsiria mzee. Akatikisa kichwa.

"Ni kweli, lakini hao wanunuzi ndio tunaoishi nao. Karatasi inatembea, mwanangu."

Nikaifuta. Hata leo naona ilikuwa sentensi bora kuliko zote kwenye lile ombi.

Urefu haukutusumbua tena. Nilimsimulia kijana habari za Gettysburg, Marekani, Novemba 1863, ambapo msemaji mashuhuri Edward Everett alihutubia kama saa mbili, na Rais Lincoln akafuata kwa dakika chache tu, maneno kama 270. Inayokaririwa mpaka leo ni ya Lincoln. Kijana mwenyewe akaanza kukata, na akakata hata vitu nilivyotaka vibaki.

Ombi lilipita hatua ya kwanza. Ya pili walidai hesabu za misimu iliyopita na barua ya kijiji kuhusu kiwanja. Huko hakuna takriri inayosaidia, nikawachapia tu.

Sasa Hombolo wamenitangaza. Wateja wanaingia wakisema wanataka "ile ya mara tatu tatu". Wa maombi ya vikundi nawaandikia, mara moja kwa ukurasa, maana ikizidi hapo inaanza kunuka kampeni. Wa barua za kazi nawauliza kwanza wamewahi kufanya nini, na kama jibu ni kitu kimoja, tunaandika kitu kimoja.